Michezo ya Utoto Wetu na Jirani Zetu Watatu

Wazazi wengi wa parokia zetu hutuuliza swali moja, hasa wanapokuja kuandikisha watoto wao kwa mafundisho ya Komunyo ya kwanza: "Katekista, hii michezo ya video, je, haitawaharibu watoto wetu?" Swali lao ni la haki, maana mzazi asiyeuliza juu ya mchezo wa mtoto wake hajui nusu ya maisha ya mtoto huyo. Lakini kulijibu kwa neno moja tu, ndiyo au siyo, ni kulijibu vibaya. Nasi tuna sababu ya pekee ya kulitafakari. Sisi tuliopita umri wa miaka thelathini tulikua pamoja na michezo hiyo hapa Bukavu. Tuliicheza, tuliipenda, na leo wengi wetu tu baba na mama wa watoto. Basi tujitazame wenyewe, kama mtu atazamavyo shamba lililopandwa zamani, tuone mbegu ile imezaa nini.

Kwanza yafaa tueleze maana ya maneno. Tukisema kwamba mchezo umetuachia kitu, hatusemi habari ya kumbukumbu tu. Mtu aweza kukumbuka jambo kwa furaha, wala jambo hilo lisigeuze hata kidogo mwenendo wake. Kinachobaki kwa kweli ni mazoea. Wanafilosofia hufundisha kwamba tendo likirudiwa mara nyingi huzaa mazoea, na mazoea yakikaa sana huwa kama maumbile ya pili. Mtazameni mpiga kinanda wa kanisani: vidole vyake vyajua njia pasipo kuiuliza akili kila mara. Ndivyo ilivyo na roho pia. Mazoea mema huitwa fadhila, mazoea mabaya huitwa vilema. Basi swali letu halisi si hili: kioo kilionyesha picha gani? Ni hili: kwa miaka ile yote, mtoto alirudia tendo gani, na alimtendea nani?

Michezo hii si ya jana. Mchezo wa Tetris ulitungwa mjini Moscow mwaka 1984. Super Mario Bros. ulitoka Japani mwaka 1985. Mashine iitwayo PlayStation ilianza kuuzwa huko huko Japani mwezi wa Desemba 1994, na ya pili yake ikatoka mwezi wa Machi 2000. Katikati ya miaka hiyo, yaani mwaka 1997, kampuni ya Nokia ilitia ndani ya simu zake mchezo wa nyoka anayekula na kurefuka, na watu wengi ambao hawakupata kushika mashine ya kuchezea walimjua nyoka huyo.

Mashine za namna hiyo hazikuwa za kila nyumba hapa kwetu. Katika mitaa ya Kadutu, ya Bagira na ya Ibanda mtu mmoja alinunua televisheni na mashine, akaviweka katika chumba kidogo cha mbao, akatandika benchi, na watoto wakamlipa faranga chache kwa kila mchezo. Wapenzi wa mpira walicheza mpira, wapenzi wa ngumi walicheza Tekken. Maneti, yaani kile kishikio cha kuchezea, zilikuwa mbili. Watoto walikuwa kumi na zaidi. Nayo sheria ya chumba ilijulikana na wote pasipo kuandikwa ukutani: anayefungwa anatoka, anayefuata anaingia.

Tusisahau miaka hiyo ilikuwa miaka gani. Vita viliingia Bukavu mwaka 1996, na tarehe 29 Oktoba mwaka huo Askofu Mkuu wetu Christophe Munzihirwa aliuawa humu mjini. Vita vingine vilianza mwaka 1998. Mwezi wa Februari 2000 Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko alifukuzwa kwenye jimbo lake, akapelekwa Butembo. Alirudi mwezi wa Septemba, akafariki Roma tarehe 4 Oktoba mwaka huo huo. Wazee walikuwa na machozi, na watoto walikuwa na benchi lao na kioo chao. Je, ilikuwa vibaya watoto kucheza wakati mji unalia?

Twajibu: haikuwa vibaya. Nabii Zakaria, katika sura ya nane ya kitabu chake, anapoeleza siku ambayo Mungu atauponya mji wa Yerusalemu, hataji kwanza majeshi wala hazina. Ataja wazee wakiketi na mikongojo yao, na njia za mji zikiwa zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza. Kwa nabii huyo, mtoto anayecheza ni alama ya amani. Naye Mtakatifu Tomasi wa Akwino auliza wazi kama katika mchezo yaweza kuwamo fadhila, akajibu kwamba yaweza. Anasimulia habari ya kale ya Mtakatifu Yohane Mwinjili. Watu walichukizwa kumwona akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja wao aliyeshika upinde apige mshale, kisha mwingine, kisha mwingine. Halafu akamwuliza kama aweza kupiga hivyo siku zote. Yule mtu akasema kwamba upinde ungevunjika. Yohane akamjibu kwamba ndivyo ingevunjika roho ya mtu isiyolegezwa kamwe. Tena Tomasi atuonya juu ya kilema kilicho kinyume: mtu asiyependa mchezo wowote, ambaye ni mzigo kwa wenziwe na kuwazuilia furaha yao, huyo naye amepotoka.

Lakini Tomasi huyo huyo aweka mipaka mitatu. Mchezo usitafute furaha katika maneno au matendo machafu au yenye kudhuru. Usiifanye roho ipoteze uzito wake wote. Tena uwe wa kumfaa mchezaji, wakati wake na mahali pake. Mipaka hiyo ni mizuri, nasi tutairudia. Ila kwanza tujibu neno ambalo wazazi hulitaja kuliko yote.

Husema hivi: "Michezo mingine ni ya bunduki na ngumi. Mtoto anayeua watu katika kioo, kesho ataua watu barabarani." Twaheshimu hofu hiyo, maana sisi wa Kivu tunaijua bunduki kwa sauti yake. Lakini tuwe wakweli. Watoto wale waliobebeshwa silaha mwaka 1996, waliokuja kuitwa kadogo, hawakufundishwa kupiga risasi na televisheni. Walifundishwa na watu wazima, watu wazima ndio waliowapa bunduki, na watu wazima ndio waliofaidika. Huko Marekani chama cha wataalamu wa saikolojia kilitoa tamko mwaka 2020: kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kusema michezo ya namna hiyo ndiyo inayoleta mauaji na jinai kubwa, ingawa yaonekana kuongeza kidogo ukali wa watoto, kama kufoka na kusukumana. Basi tusiitupie mashine dhambi za watu. Wala tusiseme kwamba picha haina nguvu: picha chafu yabaki chafu, nayo mizaha ya kutesa watu haimfai mtoto wa Kikristo. Lakini chanzo kikubwa cha mazoea hakimo katika picha. Kimo katika jinsi mchezaji anavyokaa na jirani yake. Nao jirani walio ndani ya kila mchezo ni watatu.

Jirani wa kwanza ni mpinzani. Kucheza na mashine peke yake na kucheza na mwenzako ni mambo mawili mbalimbali. Mashine ukiishinda haihuzuniki, wala ikikushinda haikucheki. Ukiizima katikati ya mchezo hukuikosea. Lakini mwenzako ana uso. Ukichomoa waya kwa sababu ameanza kukufunga, umemwibia. Ukimtukana baada ya kumshinda, umemjeruhi. Katika benchi lile tulijifunza polepole kushinda pasipo kumdharau aliyeshindwa, na kushindwa pasipo kumchukia aliyeshinda. Hilo halikuwa somo dogo. Nje ya chumba, watu wazima walikuwa wakifundishwa kila siku kwamba anayeshindana nawe ni adui, na kwamba adui hafai kuishi. Ndani ya chumba Mshi alicheza na Mrega, Mhavu alicheza na Mfuliiru, wakapigana kufa na kupona katika kioo, kisha wakagawana muhogo wa kuchoma njiani. Hivyo mikono yao ilijua jambo ambalo hotuba nyingi zilitaka kulifuta: kwamba mpinzani si adui. Mpinzani ni mtu ninayemhitaji, maana pasipo yeye hakuna mchezo.

Jirani wa pili ni yule anayengoja zamu. Watu wengi humsahau, kwa kuwa yeye hachezi. Yuko kwenye benchi akitazama. Lakini ndiye aliyetufundisha haki. Maana sheria ilisema: ukifungwa, unatoka. Wala haikutosha kutoka. Ilikupasa kumkabidhi mwenzako maneti kwa mkono wako mwenyewe. Mtoto aliyekataa alipigiwa kelele na benchi zima. Fikirini uzito wa tendo hilo dogo, lililorudiwa mamia ya mara: kitu kizuri kimo mkononi mwangu, nakipenda, nami nakiachia kwa sababu muda wangu umekwisha na mwingine anangoja. Wapo wakubwa wengi duniani, wenye viti na mihuri, ambao somo hilo laonekana halijawafikia.

Tena palikuwa na maswali magumu ya haki, ya kumfaa hata mwalimu wa maadili. Bukavu yapata umeme kutoka mto Ruzizi, kwenye bwawa la kwanza la mwaka 1958 na la pili la mwaka 1989. Hata hivyo umeme hukatika mara nyingi. Basi, mtoto amelipa, ameanza kucheza, na umeme umekatika. Nani apate hasara? Mwenye chumba alisema, "Mimi sikukata umeme." Mtoto alisema, "Mimi sikucheza." Na yule aliyekuwa akiongoza kwa mabao mawili alitaka ahesabiwe mshindi. Palitokea mabishano marefu, na mwisho hukumu yenye busara: umeme ukirudi, hao wawili waanze tena bila kulipa, na wanaongoja wangoje kidogo zaidi. Hasara iligawanywa, kila mmoja akabeba sehemu yake. Ndipo mtoto alipofahamu kwamba haki si kupata kila nilichotaka. Ni kila mtu kupata linalompasa, hata pale ambapo hakuna mwenye kosa.

Jirani wa tatu hakuwamo chumbani. Hakuonekana katika kioo, wala hakuketi kwenye benchi. Hata hivyo pasipo mikono ya watu kama yeye mashine ile isingewaka. Huyu ndiye mchimbaji.

Wasomaji wetu wanajua coltan ni nini, ila si wote wajuao kazi yake. Katika jiwe hilo jeusi hutolewa metali iitwayo tantali. Tantali hutumika kutengeneza kapasita ndogo sana, yaani vifaa vya kutunza umeme kidogo na kuutoa kwa kipimo, navyo huwekwa ndani ya simu, kompyuta na mashine za michezo. Mwaka 2000, ule ule ambao PlayStation ya pili ilitoka, viwanda vya dunia vilishindana kununua tantali, bei yake ikapanda upesi sana; mwaka uliofuata ikaanguka. Habari za bei huko mbali zilifika hata milima yetu. Watu wa Kalehe, wa Mwenga na wa Shabunda waliacha majembe ya shamba wakaenda machimboni. Mwezi wa Novemba 2000 waasi wa RCD waliotawala Bukavu waliipa kampuni moja tu, SOMIGL, haki ya kununua na kuuza coltan nje, wapate fedha za vita. Mwezi wa Aprili 2001 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitoa taarifa yao ya kwanza juu ya uporaji wa mali ya Kongo. Na machimboni walikuwamo watoto, wengine wa umri wetu sisi tuliokuwa tukingoja zamu kwenye benchi.

Madini yakishayeyushwa hayana tena jina la kilima yalikotoka. Ya Kivu huchanganyika na ya nchi nyingine katika tanuru moja. Kwa hiyo hakuna awezaye kuelekeza kidole kwenye mashine moja na kusema, "Humu mna jasho la mtoto fulani." Lakini jambo hilo halimwondoi jirani wa tatu, lamficha tu. Kwa kweli hapo ndipo ilipo hatari kubwa ya kioo, kubwa kuliko bunduki za picha: chaonyesha mengi sana mbele, hata mtu asiulize kuna nini nyuma. Mwezi wa Septemba 2011 watungaji wa Molleindustria walitoa mchezo wa simu uitwao Phone Story. Katika mchezo huo mchezaji mwenyewe alilazimishwa kuwasimamia watoto wanaochimba coltan Kongo, wasipumzike. Kampuni ya Apple iliuondoa katika duka lake punde baada ya kutoka. Yaonekana mchezo waweza kuonyesha kila kitu, isipokuwa kile kilichoutengeneza.

Hapa mtu atauliza: "Je, basi, mtoto aliyecheza alitenda dhambi?" Hapana. Mafundisho ya Kanisa ni wazi: hakuna dhambi pasipo kujua na pasipo kukubali. Mtoto hakujua, wala hakukubali, wala si yeye aliyeanzisha vita au kupanga bei. Hana hatia. Lakini hatia ni jambo moja, na deni ni jambo jingine. Tuchukue mfano wa mji wetu wenye miteremko. Mtu amerithi nyumba ya baba yake juu ya kilima, na maji ya bati lake yanakula kiwanja cha jirani wa chini. Yeye hakuijenga nyumba, wala hakuyaelekeza maji, hana hatia. Hata hivyo siku anapofahamu kwamba ukuta wa jirani unakaribia kuanguka, mfereji ni kazi yake. Akisema, "Mimi sikujenga," amesema kweli, lakini hajajibu. Ndivyo ilivyo kwetu. Tulipokuwa watoto hatukuwa na la kujibu. Leo twajua, na anayejua amekwisha kupewa kazi.

Huenda mwingine atasema kwamba haiwezekani kumpenda mtu asiyeonekana. Twaweza kumjibu kwa mfano wa karibu. Mwenye heri Floribert Bwana Chui, mwana wa Goma, alikuwa kijana aliyesomea sheria, wa Jumuiya ya Sant'Egidio, rafiki wa watoto wa barabarani. Kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa mpakani. Vililetwa vyakula vilivyoharibika, akaahidiwa fedha ili aviache vipite. Alikataa, na mwezi wa Julai 2007 aliuawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza mwenye heri huko Roma, katika basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta. Sasa fikirini: Floribert aliwakomboa akina nani? Hawakuwa ndugu zake, wala marafiki wa meza yake. Walikuwa watu wa sokoni asiowajua, ambao wangekula chakula kile na kuugua. Hakuwaona hata mmoja. Aliuona mfuko wa chakula, na nyuma ya mfuko akamwona mtu. Macho ya namna hiyo ndiyo tunayoyataka kwa watoto wetu.

Tutazame basi hali ya siku hizi, maana wazazi hawatuulizi habari za zamani tu. Mchezo umehama. Umetoka katika chumba cha mbao ukaingia mfukoni, ndani ya simu. Pamoja na chumba, benchi nalo limeondoka. Mtoto alala na simu chini ya blanketi: mpinzani wake ni jina tu lisilo na uso, wala hakuna anayengoja zamu. Kwa kuwa hakuna anayengoja, hakuna anayemwambia, "Toka, muda wako umekwisha." Tena pale palipokuwa na mwenye chumba, mtu tuliyemjua jina na nyumba yake, pana muuzaji wa mbali anayeuza ndani ya mchezo masanduku ya bahati, ambayo mtoto hulipia pasipo kujua atakuta nini ndani. Mwezi wa Aprili 2018 tume ya michezo ya bahati ya Ubelgiji iliamua kwamba baadhi ya masanduku hayo ni kamari, kinyume cha sheria yake. Nalo Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilikubali kutia katika orodha ya magonjwa hali ya mtu asiyeweza tena kujizuia na mchezo hata maisha yake yakiharibika. Orodha hiyo ilianza kutumika mwaka 2022.

Serikali nyingine zimejaribu dawa ya amri. Mwaka 2021 China iliagiza kwamba watoto walio chini ya miaka 18 wacheze michezo ya intaneti saa moja tu, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Amri yaweza kusaidia. Lakini amri hufunga mlango kwa nje. Mtakatifu Carlo Acutis, kijana aliyekulia Italia, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu na Papa Leo XIV tarehe 7 Septemba 2025, alikuwa na PlayStation na aliipenda. Familia yake imesimulia kwamba alijiwekea mwenyewe kipimo: saa moja kwa juma. Hakuna askari aliyemlinda. Yeye aliufunga mlango kwa ndani, na ufunguo akabaki nao. Hiyo ndiyo kiasi, mojawapo ya fadhila kuu nne, nayo ndiyo upinde unaojua kukaza na kulegea.

Basi, wazazi wapenzi, tufanyeje? Twawaletea mashauri matatu, moja kwa kila jirani.

La kwanza, kwa ajili ya mpinzani: mtoto asicheze peke yake sikuzote. Akicheza, acheze sebuleni pamoja na ndugu, na binamu, na watoto wa jirani. Baba naye aketi mara moja moja ashike simu au maneti, afungwe na mwanawe mbele ya watu, acheke. Mtoto anayemwona baba yake akishindwa kwa furaha amefundishwa jambo ambalo hatalipata katika mahubiri kumi. Wala msiisahau michezo mingine: mpira wa uwanjani, dama ya vizibo vya chupa, igisoro ya Wanyarwanda, bao la watu wa pwani. Yote hiyo yataka uso wa mtu.

La pili, kwa ajili ya anayengoja: simu moja ya nyumba iwe na zamu, na kila mtoto aikabidhi kwa mkono wake mwenyewe. Tena afundishwe kwamba hata akiwa peke yake, kuna wanaomngoja: mama anayengoja maji, daftari linalongoja kusomwa, Bwana wetu anayengoja katika Misa ya Dominika. Mtoto aliyezoea kuachia kitu kwa wakati wake, kesho ataweza kuachia kiti, na fedha ya watu, na neno la mwisho katika ugomvi.

La tatu, kwa ajili ya asiyeonekana: mwambieni mtoto simu imetoka wapi. Mwambieni bila kumtisha na bila kumtwika hatia isiyo yake, kwamba ndani yake mna jiwe, na jiwe lilitolewa na mtu. Kifaa kinachoweza kutengenezwa kitengenezwe, kisitupwe kwa sababu jirani amenunua kipya. Na yule mtoto wa machimboni aliyefika mtaani kwetu akitafuta masomo, asaidiwe daftari, kalamu na karo, na familia mbili au tatu zishirikiane kwa ajili yake. Huo ndio mfereji wetu. Askofu Mkuu Kataliko, katika barua yake ya Noeli ya mwaka 1999, alikemea wazi wale waliokuwa wakiipora nchi yetu. Ndiyo maana walimfukuza. Anayetaka kuheshimu kumbukumbu yake asinyamaze juu ya jiwe lililomo mfukoni mwake.

Bwana wetu Yesu Kristo, alipoulizwa na mwalimu wa sheria jirani ni nani, hakumpa orodha ya majina. Alimsimulia habari ya Msamaria, kisha akamrudishia swali: kati ya wale watatu, nani alikuwa jirani? Hivi ndivyo tunavyowajibu wazazi waliotuuliza. Michezo ya video haiharibu roho kwa nguvu zake yenyewe, wala haiitakasi. Mchezo hupita, kioo huzimwa, na mashine huuzwa kwa fundi kama vyuma chakavu. Kinachobaki kwa mtoto ni jinsi alivyozoea kumwona, au kutokumwona, yule aliye mbele yake, yule aliye nyuma yake, na yule aliye mbali.